Paneli inaonekana barabarani, moto unaanzia chini ya kitanda

Wiki iliyopita kijana mmoja wa upande wa Micheweni, Pemba, aliniandikia: "Assalaam alaykum dada. Karafuu tumeshauza alhamdulillahi. Nyumba yetu iko mbali na nguzo, nataka sola ya taa, feni, TV na friza ndogo nianze kuuza barafu. Fundi kanambia paneli mbili za wati 300 na betri moja ya 100 zinatosha. Ninunue?" Akaambatanisha picha ya hizo paneli zimeegemezwa dukani, mwenye duka kasimama pembeni. Zinamfika mapajani.

Nilimjibu neno moja tu: usinunue. Baadaye nikaona haya. Mtu kakutolea salamu kamili, kakwita dada, nawe unamkata hivyo. Basi hili hapa jibu refu, na naliweka hadharani kwa sababu najua wako wengi kama yeye, wenye fedha ya karafuu mkononi na hamu ya kujitegemea.

Hamu hiyo naijua. Giza la Unguja lililoanza Disemba 2009 likaenda mpaka Machi 2010 lilinikuta nakaa Mwanakwerekwe. Waya wa chini ya bahari unaotoka Bara ndio uliotuangusha, na kisiwa kizima kikaishi kwa jenereta na vibatari miezi mitatu. Mwaka mmoja na nusu nyuma, Mei 2008, tulikuwa tumeshaonjeshwa giza kama hilo karibu mwezi mzima. Ndugu zangu wa Pemba wakinipigia simu kunicheka, maana wao walikuwa na majenereta yao ya Wesha, yakisuasua lakini yakiwaka. Mwaka huohuo wa 2010 Pemba nayo ikaungwa na waya wa baharini kutoka Tanga, na 2013 Unguja ikapata waya mpya wa megawati 100. Mambo yametengenea, sikatai. Lakini mie tangu wakati ule niliapa: nikiwa na nyumba yangu, taa yangu haitangoja bahari.

Nyumba nikaipata, Konde, huku Pemba. Fedha ikatoka kwenye mikarafuu ya baba. Nikaita fundi aliyesifiwa mji mzima, akaja na gari, na vijana wawili, na maneno mengi. Kila nilipouliza swali alinambia, "Mama, mambo haya hutayafahamu, wewe subiri taa." Nikasubiri. Kazi ya juu ya paa ilipendeza kweli, paneli zimenyooka, wapita njia wakisimama kutazama. Betri akaiweka chini ya kitanda, kwa hoja kwamba hapo haionekani na haiibiwi. Invata ya wati 1,000, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, akaining'iniza juu yake, na kati ya invata na betri akapitisha waya wa milimita 2.5 za mraba, ule ule wa soketi za nyumbani. Fyuzi hakuna.

Ikaja Ramadhani. Siku moja karibu na magharibi nasaga juisi ya pasheni, watu wameshakaa mkekani, mama mkwe akasema kuna kitu kinanuka. Nikadhani sambusa. Nilipoingia chumbani moshi unatoka chini ya shuka. Ule waya umelainika kama mshumaa, ganda linadondoka kwenye godoro. Mama mkwe alishachukua ndoo ya maji, nikampigia kelele asimwage, nikakimbia jikoni kuzima blenda, moshi ukapungua, ndipo nikaizima na invata. Adhana ilitolewa hata sikuisikia.

Hesabu yake ni ya darasa la nne. Blenda ya wati 500 kwenye betri ya volti 12: gawa 500 kwa 12, ni zaidi ya ampea 40. Waya wa 2.5 ndani ya nyumba tunaupa kama 20. Na betri haina huruma, nyaya zake zikigusana inatoa mamia ya ampea kwa mara moja, ndiyo maana fyuzi, ya kukata umeme kabla waya haujaungua, inawekwa karibu kabisa na betri na si mbali. Fundi nilipompigia alinambia nimezidisha matumizi. Blenda! Kwenye invata aliyoniuzia mwenyewe kwamba inabeba wati 1,000! Hakuja mpaka leo. Tukikutana Chake huvuka barabara.

Shemeji yangu yeye alisema sola si kazi ya kike, ningemwachia yeye asimamie. Hilo ndilo lililoniuma kuliko godoro. Nikamwambia aende Kinyasini, Kaskazini Unguja, kwenye chuo cha Barefoot, akawaone akina mama wa vijijini, wengine hawakumaliza hata skuli, wanafundishwa kuunga na kutengeneza sola kisha wanarudi kuwasha vijiji vyao. Hakwenda, bila shaka. Mie nikanunua mita ya kupimia umeme, nikakaa kwa mzee anayetengeneza redio sokoni, nikiuliza na kuuliza mpaka akanichoka. Yaliyokuwa katikati hapo hayana ladha, nayaruka. Leo kipaza sauti cha msikiti wa mtaani kwetu kinakwenda kwa sola niliyoipanga mie, ingawa aliyepanda juu ya paa ni mpwa wangu, kuepusha maneno. Umeme wa gridi ukikatika, adhana haikatiki. Shemeji anaisikia kila alfajiri.

Sasa mdogo wangu wa Micheweni, skiza.

Sola usianze na paneli. Chukua karatasi, andika kila kitu utakachowasha, wati zake, na saa zake kwa siku, halafu zidisha. Taa tano za wati 5 kwa saa tano ni 125. Feni ya wati 40 usiku wa saa nane ni 320. TV ya wati 40 kwa saa nne, 160. Simu tia 40. Umefika wati-saa 645, na friza hujaigusa. Betri ya 100, yaani ampea-saa 100, ya volti 12 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini ile ya asidi ukiishusha chini ya nusu kila siku unaiua, kwa hiyo zako halisi ni 600. Fundi wako anataka kukuuzia betri isiyotosha hata taa, feni, TV na simu, friza bado. Lithiamu ya ukubwa huohuo unaweza kutumia kama asilimia 80 yake bila kuiumiza, utapata kama 1,000, na itadumu miaka mingi zaidi. Ni ghali, najua. Betri mbili za asidi zilizokufa ndani ya miaka mitatu ni ghali zaidi.

Hizo paneli za pichani sasa. Jua kali la mchana linaangusha kama wati 1,000 kwenye mita moja ya mraba, na paneli nzuri inageuza kama moja ya tano tu kuwa umeme. Yaani mita ya mraba ni wati 200, zaidi ya hapo kidogo kwa zile bora. Chukua futi ya fundi cherehani, pima urefu kwa upana kwa mita, zidisha mara 200. Paneli ya sentimita 80 kwa 50 ni wati 80, hata wakiibandika karatasi ya 300. Mwenye duka akikwambia ni teknolojia mpya, mwambie jua ni lile lile la zamani.

Kuiweka paani hakuna uchawi. Sisi Pemba tuko kama digrii 5 kusini ya ikweta, jua la wakati wa kusi linapita kaskazini yetu, kwa hiyo paneli zielekee kaskazini kwa mlalo mdogo, digrii kumi hivi, mvua ipate kuzikosha. Iache nafasi ya vidole vinne au zaidi kutoka kwenye bati ili upepo upite, kwa sababu paneli ikichemka inatoa umeme mdogo. Kivuli cha kuti moja la mnazi juu ya kona kinaweza kula sehemu kubwa ya umeme wote, maana seli, vile vipande vidogo vya paneli, zimeungwa kwa kufuatana. Na kwetu kuna chumvi. Misumari ya kawaida inaoza hata huku kwetu mbali na ufuo, tumia bolti zisizoshika kutu, na ukizikosha paneli tumia maji matamu, asubuhi, zikiwa baridi. Juu ya makuti usiziweke kabisa. Simamisha nguzo pembeni.

Lakini narudia, paani si ndiko kunakoungua. Betri iwe nje ya chumba cha kulala, mahali panapopita hewa, kwa sababu ya asidi ikichajiwa inatoa hewa inayowaka, na mtu akiwasha kiberiti hapo atajuta. Waya mnene. Fyuzi. Kwa invata ya wati 1,000 ya volti 12 mie sitii chini ya waya wa milimita 25 za mraba, na fyuzi ya ampea 100. Unapounga kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji kutoka paneli kwenda betri, anza na betri ndipo paneli, na ukifungua, toa paneli kwanza. Paneli iliyo juani haina pa kuizimia, ifunike blanketi kabla hujashika nyaya. Narudia tena: waya mnene na fyuzi. Watu wananiona nimeshikwa na wazimu wa fyuzi, na wataniona hivyohivyo.

Kwa mwenye umeme wa ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, anayetaka sola pembeni: usithubutu kuchomeka invata kwenye soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake. Umeme unarudi kwenye nguzo, na kule juu kuna mtoto wa watu anatengeneza laini akijua imezimwa. Weka swichi ya kubadilishia, upande mmoja au mwingine, basi.

Friza yako. Ndogo, kwa joto letu na mlango unaofunguliwa na watoto kutwa, inaweza kula wati-saa 1,000 kwa siku peke yake. Masika mie napanga kwa saa nne za jua, na nikitia hasara za njiani inataka paneli za kweli za wati 350 hadi 400 kwa ajili yake tu, na betri yake. Anza na taa na feni msimu huu, friza msimu ujao, karafuu zikijaalia.

Na kabla hujatoa hata shilingi, mwambie fundi akuandikie ile hesabu kwa mkono wake: wati, saa, unene wa waya, fyuzi ya ngapi, betri itakaa wapi. Mpe nusu, nusu nyingine umpe ukishaiona fyuzi kwa macho. Akisema hutayafahamu, mkaribishe chai, anywe, aende zake.