Naitwa Ng'washi, siyo Angel

SWALI

Dada shikamoo. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi ila leo ndo mara ya kwanza naandika, naomba univumilie barua ni ndefu maana hili jambo limenikaa moyoni miaka.

Naitwa Ng'washi, ni Msukuma wa Maswa, nina miaka 27 na nafanya kazi hapa Dar kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Jina ni la bibi mzaa baba. Nyumbani halijawahi kuwa shida hata siku moja. Shida ilianza nilipoenda form one bweni mkoa mwingine, mwalimu anaita mahudhurio akifika kwangu anasimama, anaguna, "Ngu... we namba 31, hili nalo jina gani?" na darasa zima kicheko. Toka siku hiyo nikawa Ngwashi, ile ya g nzito kama ya ngumi, wengine Mwashi, na wengine wakaona bora waniite Ng'ombe kabisa, nikipita koridoni wanalia kama ng'ombe. Nilipofika form three matroni akasema mi nitakuita Angel ndo rahisi, basi ikanasa mpaka leo. Kazini simu wamenisevu Angel, bosi akinitambulisha kwa wateja ni Angel.

Kilichoniuma kuliko vyote ni mahafali ya chuo. Mama alitoka Maswa na basi, kashona kitenge kipya, kakaa viti vya wazazi juani toka saa 2 asubuhi. Zamu yangu ilipofika msomaji akasema "Ni... Nigiwashi" halafu jina la baba akalimeza akaenda kwa mwingine. Nikapita. Kimya. Baadae namfata mama nakuta kashika shada la maua bado lipo kwenye nailoni, ananiuliza mwanangu mbona wewe hawajakuita? Hakupiga kigelegele kwa sababu hakujua kama ni mimi. Pale nilicheka tu tukapiga picha ila usiku nililia sana.

Sasa Dada naolewa mwezi wa 12. Mchumba wangu ni mtu wa Moshi, ananipenda na jina langu analitamka vizuri kabisa, alijifunza. Ila kamati ya upande wao inataka kadi ziandikwe Angel, wanasema jina langu litasumbua wageni na MC atajing'ata ulimi. Mama mkwe mtarajiwa kaongezea kwamba ni la kishamba. Na makaratasi nayo ndo usiseme, cheti cha kuzaliwa kina Ng'washi, kitambulisho cha taifa NGWASHI, benki NG WASHI na nafasi katikati, kila nikienda mahali naambiwa majina hayafanani. Rafiki yangu ananishauri nibadilishe kisheria niwe Angel nipumzike. Nimechoka Dada. Nifanyeje?

Ni mimi Ngwashi, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikifika kwenye lile shada ndani ya nailoni nasimama. Mama kasafiri siku nzima kuja kusikia kitu kimoja tu, jina la mwanae likitajwa mbele za watu, na hicho kitu kimoja ndo hakukipata. Pole sana, na nifikishie pole kwa mama pia.

Nianze na swali lako la mwisho. Usibadilishe. Ungekuwa mwenyewe unalipenda jina Angel ningekwambia njoo nikuelekeze taratibu, watu wanabadili majina kila siku kwa sababu zao na ni haki yao, ila nimetafuta kwenye barua yako yote sijaona mahali umesema unalipenda. Umesema tu umechoka. Aliyechoka anahitaji kupokelewa mzigo, na hapa mzigo uko kwa watu wanaokuita, jina lako halina kosa lolote.

Sasa hebu rudia maneno ya hiyo kamati. Wamesema MC *atajing'ata* ulimi. Wamelisema bila kujing'ata! Hiyo sauti wanayodai ni ngumu wamekutamkia wenyewe hapohapo mbele yako. Hakuna Mswahili asiyeweza kusema ng'. Tunang'oa jino, tunavuka ng'ambo, tunang'ang'ania, nyumbani tuna king'amuzi juu ya kabati, na sijawahi kusikia fundi king'amuzi akiomba kifaa kibadilishwe jina kwa sababu linamsumbua. Watu wanajikwaa kwako kwa sababu wanalisoma badala ya kulisikia, jicho likiona n na g na kile kialama juu halafu na w, linaogopa, mdomo unafata.

Kwahiyo wasomee kwa sikio. Najua ng'ombe ndo mfano wa haraka lakini wewe umeshaumizwa nao, uache. Tumia ng'ara. Mwambie mtu sema "ng'ara", akisema, mwambie haya anza hivyohivyo halafu malizia "washi". Akileta g nzito mkumbushe kuna Ngara, ile wilaya ya Kagera, na kuna kung'ara kwa taa, yeye anataka ile ya taa. Hapo mtu kaelewa na hajaona aibu. Na kama una mtu anapenda mambo ya lugha mwambie Kisukuma kinaweka ng'w pale ambapo Kiswahili kina mw, mwana kwenu ni ng'wana, hata Mwanza wenyeji wanaiita Ng'wanza. Wale waliokuita Mwashi hawakuwa mbali sana, masikio yao yalilivuta jina lije Kiswahilini.

Na hapa nataka tutenganishe vitu viwili maana napata barua nyingi za namna hii na watu wanavichanganya. Kuna mtu anajaribu ila ulimi umelelewa kwingine. Rehema anaitwa Lehema, Halima anaitwa Harima, Ramadhani akifika Kongo anaandikwa Ramazani na ndo jina lake halali kule. Kisukuma chenyewe hakina r, kwahiyo bibi yako tuliyemuazima jina yawezekana kabisa alikuwa na jirani Rehema akamwita Lehema mpaka wanazeeka, na wakapendana. Huyo usimkasirikie, mtu anayekuita kwa ulimi wake wote aliopewa amekuita. Halafu kuna mtu wa pili ambaye hajajaribu hata mara moja, kaangalia jina lako kaona linamchosha kakupachika lake. Matroni wako hakukosea jina. Alikupa jina jingine bila kukuuliza, na ulikuwa mtoto wa miaka 16 uko mbali na kwenu, ungemjibu nini. Huyu ndo wa kusahihishwa, hata kama alikuwa na nia njema.

Nina mwalimu aliniandikia, yeye kwao pwani, amepangiwa shule mkoa wa Simiyu na daftari lake la mahudhurio limejaa Ng'-, akawa anaogopa kuita anaruka anaita majina ya baba. Nilimwambia asiite kabisa siku ya kwanza, awaache watoto wasimame mmoja mmoja wajitaje wenyewe yeye anasikiliza na penseli mkononi, anaandika pembeni kwa namna atakayokumbuka. Aliniandikia tena kwamba ilichukua kipindi kimoja. Kipindi kimoja cha dakika 40! Wewe ulinyimwa dakika 40 ukalipa miaka yote hii.

Tuje kazini. Usisubiri mkutano wala siku maalumu. Anza na bosi, mkiwa wawili, mwambie "Bosi nina ombi, Angel ni jina la shule, jina langu ni Ng'washi na ningependa wateja wanijue hivyo." Sentensi moja, usiombe radhi na usieleze historia ya bibi. Kisha badilisha jina kwenye WhatsApp yako na chini ya barua pepe zako. Wenzako watasahau, watasema Angel wiki ya kwanza na ya pili, wewe itika halafu sema jina lako taratibu bila kununa, "Ng'washi". Kila mara. Kuna watu wanashauri usiitike kabisa mpaka waseme sahihi, mi siungi mkono, ofisini utaonekana una kiburi na kazi itakwama, ila kusahihisha usiache hata siku moja maana ukiruka siku mbili wanarudi kulekule.

Harusi. Kamati kazi yake ni michango na ukumbi na chakula, jina la bibi harusi haliko kwenye ajenda yao. Na hili usilibebe wewe, ni la mchumba wako, ni kwao, yeye ndo anajua amwingie mama yake kwa mlango gani. Aende peke yake, jioni, siyo kwenye kikao, amwambie mama huyu ninayemuoa anaitwa Ng'washi, ni jina la bibi yake. Mama mkwe akisema ni la kishamba asibishane naye, amuulize tu bibi mzaa mama yake yeye aliitwa nani. Wengi wa rika lake wana mama na bibi wenye majina ya nyumbani ambayo wanayataja kwa heshima kubwa. Nadhani hapo atalainika, na asipolainika leo ataendelea kulisikia kwa mwanae kila siku mpaka lizoeleke.

Kadi ziandikwe Ng'washi. Kuna na sababu ya kawaida kabisa, cheti cha ndoa hakitaandikwa Angel, kitafata vitambulisho vyako, na tangazo la ndoa litasomwa kwa jina hilohilo, sasa wageni wasikie Ng'washi halafu kadi inasema Angel wataanza kuulizana kama kuna harusi mbili.

MC usimtumie jina kwa maandishi. Mtumie voisi noti, jitaje mara tatu polepole, mwambie akujibu kwa voisi noti na yeye akitaja. Akikosea rudia. Fanya hivyohivyo kwa MC wa sendofu na kwa atakayesoma tangazo kanisani. Na mama yako akae meza ya mbele kabisa, safari hii MC akisema Ng'washi binti wa fulani asipate hata sekunde ya kujiuliza.

Sasa makaratasi, hili ni la kuvumilia kidogo. Kile kialama jina lake ritifaa, na kwenye ng' siyo pambo, ni sehemu ya herufi, ukikitoa neno linabadilika kama ulivyoona Ngara na ng'ara. Tatizo ni kwamba kwenye lugha za kompyuta zinazotumika kuhifadhi taarifa, alama hiyohiyo inatumika kufungulia na kufungia maneno, kwahiyo mifumo mingi iliandikwa ikatae ukiiandika kwenye jina, karani naye akaona mashine imegoma akaiacha au akabonyeza nafasi. Halafu simu zetu zina ritifaa ya kunyooka na ya kupinda, kwa jicho ni moja, kwa kompyuta ni mbili tofauti. Ndo maana karani anakwambia hupo wakati upo. Ukiambiwa hupo mwombe atafute tena bila ritifaa, tena na nafasi katikati, tena kwa namba. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20 na haina ritifaa, yenyewe haijawahi kukosewa kutamkwa.

Cheti chako cha kuzaliwa kiko sahihi na hiyo ni bahati kubwa, huo ndo mzizi. Kitumie kuombea marekebisho NIDA kwanza, kwa sababu benki na laini ya simu vinafata kitambulisho, tangu usajili wa laini kwa alama za vidole mtu akikutumia hela jina linalomtokea ni lile la kitambulisho. Wakikwambia mfumo haupokei ritifaa, nenda kwa wakili ule kiapo mbele yake, yaani upate hati ya kiapo inayosema Ng'washi, Ngwashi na Ng Washi ni mtu mmoja, na namba yako ya NIDA ndani yake. Toa nakala kadhaa zilizogongwa muhuri uwe nazo kwenye bahasha moja pamoja na vyeti. Fanya kabla ya Desemba, ukishaolewa makaratasi yanaongezeka. Na usikubali kuambiwa kwamba serikali haiwezi kuandika jina la hivyo, Nyang'hwale ni wilaya kamili ya mkoa wa Geita na ina ritifaa yake kwenye barua zote. Lupita Nyong'o alichukua Oscar mwaka 2014 na ritifaa yake ipo mpaka Marekani.

Kitu kimoja nimekiona kwenye barua yako nimesita kukisema ila nasema. Juu umeandika Ng'washi, chini ulipomalizia umeandika Ngwashi. Sikukurekebishia pale chini, nimeacha ulivyoandika wewe. Ukinitumia kadi nitaangalia hapo kwanza.