Muziki wa nyumba nzima: mambo ya kupima kabla ya kununua

Mtu akiniuliza anunue mfumo gani wa muziki wa nyumbani, siulizi kwanza anapenda besi kiasi gani. Namuuliza: umeme ukikatika saa moja jioni utasikiliza nini? Na bando likiisha tarehe ishirini? Na kampuni ikitangaza kwamba kifaa chako haikihudumii tena? Hapa Dar maswali hayo yanapima mfumo kuliko wati zilizoandikwa kwenye boksi.

Nayaandika haya kwa sababu ya shemeji yangu, aliyehamia Goba kwenye nyumba ya vyumba vinne yenye baraza kubwa nyuma. Anataka muziki usikike sebuleni, jikoni na barazani kwa pamoja. Ndugu walioko nje kila mmoja anamsukumia chake: huyu Sonos, yule spika za Google, mwingine anasema chochote chenye AirPlay, njia ya Apple ya kutuma muziki kwenye spika kwa waifai, kinatosha. Shemeji, majibu yangu ni haya, na wengine mtachukua kinachowafaa.

Nianze na anayeishi chumba kimoja au chumba na sebule. Wewe huhitaji mfumo. Nunua spika moja nzuri ya Bluetooth yenye betri na tundu la AUX, hela inayobaki weka kwenye bando. Bluetooth inafika mita kumi hivi pasipo ukuta katikati, na kwa eneo lako hiyo inatosha. Shida zake huanza nyumba inapokuwa kubwa: simu ikipigwa muziki unakatika, ukitoka na simu kwenda dukani waliobaki ndani wanakosa, na spika za makampuni mawili tofauti kwa kawaida hazikubali kwenda pamoja.

Sasa wenye nyumba kubwa. Mfumo wowote wa muziki wa waifai una sehemu mbili zenye umri tofauti. Kuna spika na amplifaya yake, na kuna kikompyuta kinachoingia mtandaoni kutafuta wimbo. Spika nzuri inaweza kuishi miaka ishirini na zaidi, na ikipasuka fundi wa Kariakoo anaifungua na kuitengeneza. Kikompyuta kinazeeka kama simu: programu zinakikimbia, masasisho yanakoma, na hakuna fundi wa kukirudishia alichokiondoa mwenye kampuni. Ukinunua sehemu zote mbili zimefungwa kwenye boksi moja, ile yenye umri mfupi ndiyo itakayoamua lini boksi zima litaacha kukufaa.

Sisemi haya kwa kukisia. Sonos, kampuni ya California iliyoanzishwa mwaka 2002, inatengeneza spika zenye mlio ninaoupenda kwa dhati. Lakini Januari 2020 ilitangaza kwamba vifaa vyake vya zamani vitaacha kupata masasisho kuanzia Mei mwaka huo. Wateja walipolalamika, ikaishia kuwa na programu mbili, S1 ya vifaa vya zamani na S2 ya vipya. Mei 2024 ikatoa programu mpya ya simu iliyokuja bila vitu vya kawaida kama kengele ya kuamsha na kipima muda cha kulala, na watu wakapata taabu hata kufikia nyimbo zilizo kwenye diski zao wenyewe. Mkurugenzi mkuu wake aliondoka Januari 2025. Kipindi chote hicho spika zilikuwa zilezile, koni na sumaku zake nzima kabisa.

Google nayo ilileta Chromecast Audio mwaka 2015, kijikifaa cha dola 35 kilichoipa redio yoyote ya zamani yenye tundu la AUX uwezo wa kupokea muziki wa mtandaoni. Wazo zuri mno! Januari 2019 uzalishaji ukasimama. Vilivyoko majumbani viliendelea kufanya kazi hadi Machi 2025, vilipogoma ghafla kwa sababu cheti cha usalama kilichowekwa ndani yake kilikuwa kimeisha muda. Google ilituma marekebisho na vikafufuka, ila ndipo watu walipoona kamba iliyokuwa inavishikilia. Kabla ya hapo, Januari 2022, baada ya Sonos kushinda shauri la hataza, yaani haki ya uvumbuzi, huko Marekani, wenye spika za Google walijikuta hawawezi tena kupandisha sauti ya kundi zima kwa mara moja. Ikabidi waguse spika mojamoja. Mteja hakuwa na ugomvi na mtu, na bado kifaa chake kilipunguziwa uwezo akiwa nacho sebuleni.

Kuna kisa cha upande wa pili ambacho kwangu ndicho chenye uzito kuliko vyote. Kampuni ya Slim Devices ilitengeneza vifaa vya kuchezea muziki wa mtandaoni vilivyoitwa Squeezebox, ikanunuliwa na Logitech mwaka 2006. Mwaka 2012 Logitech ikaachana navyo, na mwaka 2024 ikazima hata tovuti iliyokuwa inavihudumia. Kwa hesabu ya kawaida vilipaswa kuwa takataka. Havikuwa, kwa sababu programu ya seva yake, ile inayovigawia nyimbo, ilikuwa ya msimbo wazi, mtu anaiweka kwenye kompyuta yake mwenyewe nyumbani. Wapenzi wake wameendelea kuitunza, siku hizi inaitwa Lyrion Music Server, ni ya bure, na vifaa vya zaidi ya miaka kumi na mitano iliyopita bado vinaimba.

Basi msimamo wangu ni huu: hela nyingi iweke kwenye spika na amplifaya yenye tundu la kuingiza waya, zile pini nyekundu na nyeupe. Kikompyuta kinunue kando, kidogo na cha bei nafuu, ukijua kwamba siku moja utakibadilisha bila kugusa kingine chochote. Kama una sabufa nzuri tayari nyumbani, umeshamaliza nusu ya kazi.

Turudi kwenye bando, maana hapo mifumo inatofautiana kwa namna ambayo wauzaji hawaielezi. Kwa AirPlay ya Apple, muziki unapita kwanza kwenye simu, ndipo simu inausukuma kwenye spika kupitia waifai. Ukiondoka na simu, muziki unakatika. Kwa mfumo wa Google, na kwa Spotify Connect, simu ni rimoti tu: spika yenyewe ndiyo inayokwenda mtandaoni kuchukua wimbo, na simu ikizima chaji muziki unaendelea. Hilo linapendeza, lakini lina upande wake. Spika ikiachwa inaimba nyumba tupu tangu asubuhi inakula bando bila mtu kujua. Wimbo wa kilobiti 320 kwa sekunde unakula megabaiti 144 kwa saa. Saa nne kila siku kwa mwezi ni zaidi ya gigabaiti 17. Ukishusha hadi kilobiti 96 unabaki na gigabaiti 5 na kidogo, na kwa spika ya jikoni huku mafuta yanachemka, sidhani kama sikio litadai tofauti. Wenye faiba isiyo na kikomo rukeni aya hii. Wanaotumia ruta ya laini ya simu, ingieni kwenye mipangilio ya programu leo.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba ruta isiyo na bando bado inafanya kazi ndani ya nyumba. Simu, kompyuta na spika zinaendelea kuonana. Kwa hiyo kama nyimbo zako ziko kwenye diski iliyochomekwa nyumbani, unasikiliza vyumba vyote bila kutumia hata megabaiti moja. Mfumo wa Google unategemea sana intaneti na kwa matumizi haya sikushauri. AirPlay itapokea nyimbo zilizohifadhiwa kwenye simu. Sonos inasoma diski ya kwenye mtandao wa nyumbani hadi nyimbo 65,000. Lyrion imezaliwa kwa kazi hiyo hasa.

Na sisi tuna sababu ya ziada ya kutaka diski. Spotify ilifika Tanzania mwaka 2021, Boomplay iko kwenye simu za vijana, Bongo Fleva na singeli mpya zimejaa huko. Lakini tafuta muziki wa dansi wa miaka ya sabini uliorekodiwa studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, tafuta taarabu ambayo mama aliinunua kwenye kanda, tafuta kaswida za madrasa ya mtaani au kwaya ya usharika iliyotoa toleo moja tu. Utapata vipande, tena vingine vimekatwa katikati na kuandikwa majina yasiyo yake. Hazina hiyo iko kwenye makabati yetu, na unyevu wa jiji hili unaila kila mwaka. Unganisha deki ya kanda na kompyuta kwa waya, rekodi kwa programu ya bure ya Audacity, hifadhi kwa FLAC, aina ya faili inayobana sauti bila kupoteza kitu. Diski ya terabaiti 1 inabeba zaidi ya saa 1,500 za muziki wa ubora wa CD hata kabla ya kubanwa. Weka nakala ya pili kwa ndugu mwingine.

Ukishaingiza, kuwa makini na majina. Kompyuta haijui kwamba Sikinde na DDC Mlimani Park Orchestra ni bendi ileile. Itakutengenezea bendi mbili na nusu ya nyimbo utakuwa huzioni. Chagua jina moja, liandike vilevile kila mahali. Ni kazi ya kuchosha, lakini mzee akikaa barazani akataja bendi ya ujana wake na ikaitika palepale, utaona thamani yake.

Kuhusu kuta sitasema mengi. Nyumba zetu ni za tofali za saruji, na za ghorofa zina zege lenye nondo, vitu vinavyozuia waifai vibaya. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi lakini yanachoka mapema ukutani, ya 2.4 yanapenya zaidi. Ruta iweke kwenye korido, si chumbani kwa baba mwenye nyumba. Na kama nyumba bado inajengwa, pitisha waya wa mtandao hadi sebuleni na barazani kabla ya plasta. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na usumbufu itakaokuondolea.

Umeme ndio ulionifanya nipende vifaa vidogo. Vikompyuta vingi vya muziki, zikiwemo Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya saizi ya kiganja, na vile vidogo vya kampuni ya WiiM, vinatumia volti 5, yaani pawa benki inaviendesha. Ruta nyingi ni za volti 12, na betri ndogo za kuzishikilia zinauzwa madukani. Ukiongeza amplifaya ndogo inayokubali betri, mgao unaweza kupita na muziki ukaendelea. Kwa Raspberry Pi napendekeza mfumo wa bure uitwao piCorePlayer, unaoendeshea kila kitu kwenye kumbukumbu ya muda, hivyo umeme ukikatika ghafla kadi yake ya kumbukumbu haiharibiki kirahisi. Ndani yake unaweza kuweka Lyrion na kuchomeka diski palepale. Ila diski yenyewe ipe umeme wa betri, maana yenyewe haipendi kukatiwa katikati ya kazi. Kila kilichounganishwa ukutani kipitishe kwenye kile kifaa cha kuchelewesha umeme kinachowekwa kwenye friji, kwa sababu ule mpigo wa umeme unaporudi ndio unaoua amplifaya.

Joto na chumvi visisahaulike, hasa kwa wa Kigamboni, Msasani na Mbezi Beach. Spika yenye ukingo wa sponji inaoza. Tafuta yenye ukingo wa mpira. Amplifaya usiifungie kabatini.

Kwa hiyo, shemeji, sebuleni weka amplifaya na spika mbili nzuri za waya, na kikompyuta chenye AirPlay, Spotify Connect na uwezo wa kuzungumza na Lyrion kwa pamoja, ili mwenye iPhone na mwenye Android wote wahudumike. Baadhi ya vya WiiM vina hivyo vyote, ila vingine havina AirPlay. Kama kazi ya mikono inakuchosha na una faiba, Sonos itakufaa na sitakulaumu. Chukua tu zile za Era, zilizotoka 2023, kwa kuwa zina Bluetooth na zinakubali waya kwa adapta, hivyo programu ikileta matata bado una mlango mwingine. Chochote utakachochagua, vifaa vya vyumba vyote viwe vya ukoo mmoja, la sivyo jikoni itaimba nyuma ya sebule.

Ukienda Kariakoo, nenda asubuhi kabla fremu hazijajaa, na beba simu yenye wimbo unaoujua vizuri. Mwambie muuzaji akiwashe kifaa, akiunganishe na simu yako, na akizime kisha akiwashe tena mbele yako. Cha mtumba kutoka Marekani geuza usome chini: kama kimeandikwa 100-240V ni sawa, kama ni 120V peke yake kiache hapohapo hata bei ikiwa ya kutupa, kwa kuwa ukutani kwetu kuna volti 230. Kilichotumika hakikisha kimefutwa akaunti ya mwenye nacho wa kwanza. Spika za barazani zinunue baada ya waya wa mtandao kufika huko, si kabla.