Mbona Mwili Hutetemeka Hatari Ikishapita?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni muuza mitumba hapa Busia, upande wa Uganda. Hivi karibuni nilipanda bodaboda kuelekea Tororo, na lori moja likatukosakosa hata dereva wetu akaingia majanini. Hatukuumia, wala wakati ule sikuhisi woga; nilikumbatia mzigo wangu tu. Lakini tulipokwisha kusimama, magoti yalitetemeka, kinywa kikakauka, vidole vikafa ganzi, na nikabanwa na haja. Usiku usingizi haukuja. Jirani yangu anasema moyo wangu umeharibika. Je, ni kweli?

JIBU: Pole sana, dada. Uliyoyaeleza ni kazi ya kawaida ya mwili wenye afya, ingawa maneno ya jirani yako yana chembe ya ukweli, kama nitakavyoeleza.

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala, ambayo hupokea habari ya hatari na kuamuru mwili kabla ya akili kuielewa habari hiyo vizuri. Ndiyo maana mikono yako ilishika mzigo kabla hujajua kwamba unaogopa. Amri hiyo hupita katika neva hadi kwenye tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, nazo humwaga homoni ya adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, ini hutoa sukari, na damu hupunguzwa tumboni ili ipelekwe kwenye misuli mikubwa ya miguu. Mate nayo hupungua. Mwanasayansi wa Marekani Walter Cannon, alipokuwa akichunguza matumbo ya paka kwa eksirei, aliona kwamba paka akishtuka tumbo lake husimamisha kazi, na mwaka 1915 alieleza kwamba mabadiliko ya namna hii humwandaa kiumbe kupigana au kukimbia.

Wewe hukupigana wala hukukimbia. Misuli iliyokwisha kuandaliwa ilibaki bila kazi, na kule kutetemeka kulitokana na adrenalini iliyokuwa bado katika damu. Homoni hiyo huondoka baada ya dakika chache. Ganzi ya vidole ina sababu nyingine: mtu mwenye hofu hupumua upesi kupita kiasi na kupoteza hewa ya kaboni nyingi mno, jambo linalovuruga kemia ya damu. Kuhusu haja usione haya, kwa maana utumbo mpana, tofauti na tumbo, huchochewa na hofu, na hata askari wazoefu hupatwa na hali hiyo. Usingizi ulikimbia kwa sababu ubongo hubaki macho muda mrefu baada ya tukio, ukisaidiwa na homoni ya pili, kortisoli, ambayo huchelewa kupanda na huchelewa kushuka.

Sasa kuhusu moyo. Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza ugonjwa uitwao takotsubo, ambapo hofu kuu au msiba hudhoofisha misuli ya moyo kwa muda, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi. Dalili zake ni maumivu ya kifua na kukosa pumzi, nawe hukutaja hata moja. Lakini zikitokea kwa mtu yeyote, apelekwe hospitalini mara moja bila kusubiri zipoe.

Ukishtuka tena, tembeatembea kidogo, kisha pumua polepole, ukitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta. Maji ya sukari tunayopenda kumpa aliyeshtuka hayadhuru wengi wetu, ila sukari huwa imekwisha kupanda katika damu, kwa hiyo mwenye kisukari asipewe kwa mazoea tu. Ukiona mwezi umepita na bado unaota lile lori, au unaacha kwenda sokoni kwa kuogopa barabara, nenda kituo cha afya ukaombe kuonana na mshauri wa afya ya akili.