Simama Mbele, Karibu na Mwongoza Watalii

Wiki hii ameniandikia dada mmoja, mwalimu wa Morogoro. Kibubu chake kimejaa, na wakala amempa ratiba mbili za kutembelea miji ya kale ya Mediterania. Moja ina miji mingi kwa bei ya chini. Nyingine ina Athens (Ugiriki), Efeso (Uturuki) na Pompeii (Italia) tu, na bei yake imechangamka. Achukue ipi?

Mdogo wangu, chukua ya pili. Kabla hujalipa, uliza mnapewa muda gani kila mahali, na nani anawaongoza. Hayo mengine utayamudu.

Mimi safari hii niliianza kichwani nikiwa sekondari. Wenzangu walinunua viwanja, mimi nikaweka akiba. Ndugu zangu walinicheka mbele ya wageni: eti nakwenda kuangalia mawe! Nimekwenda, nimerudi, na sijutii hata shilingi.

Athens, tulikuwa mlangoni mwa Akropolis, kile kilima chenye mahekalu ya kale, kabla haujafunguliwa. Nenda asubuhi hivyo hivyo, na uvae viatu vya soli ya mpira, maana marumaru ya kule imesuguliwa na nyayo za watu mpaka inateleza. Hekalu la Parthenon lilianza kujengwa mwaka 447 K.K., enzi za Pericles, kiongozi wa Athens, na ndani yake ilisimama sanamu ya mungu-mke Athena ya dhahabu na pembe za ndovu. Ukilitazama leo utadhani limebomolewa na uzee. Ni vita. Mwaka 1687 Waturuki walikuwa wamehifadhi baruti humo, mzinga wa jeshi la Venice ukaipata, katikati ya jengo pakalipuka.

Kilichonigusa zaidi kiko chini ya kilima, kwenye makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2009. Kuna sanamu za wanawake waliobeba paa kichwani. Walikuwa sita, watano wako pale, wa sita yuko London tangu watu wa Lord Elgin, balozi wa Uingereza, walipomchukua mwanzoni mwa karne ya 19. Nafasi yake wameiacha wazi. Nilizunguka nyuma yao nikaona nywele: misuko minene inashuka mgongoni, na kila mmoja kasukwa kivyake. Mimi niliyekulia mapajani kwa msusi, macho yalinitoka! Nikamweleza mwongozaji wetu, mama wa makamo, habari za mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria mkubwa: mifupa iliyochimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi, na leo mjusi mwenyewe amesimama Berlin. Mama yule aliniuliza maswali mpaka kundi zima likatusubiri.

Sasa nikwambie la Efeso, na hili bado linaniuma. Kwenye basi, mama mmoja wa kundi letu aliniuliza nalea watoto wa nani. Alidhani mimi ni yaya. Nilimjibu kwa adabu kwamba nimelipa kama yeye, nikashuka.

Kule mnaingia lango la juu mnateremka kwa barabara ya marumaru hadi Maktaba ya Celsus (zile sanamu nne za wanawake mbele yake ni nakala, zenyewe ziko Vienna). Mbele zaidi kuna ukumbi wa wazi uliochukua watu kama 25,000. Mwongozaji akauliza nani anajua kilichotokea hapo. Nikasimama nikasimulia Matendo 19 yote: Demetrio mfua fedha, mtengeneza vijumba vya mungu-mke Artemi, aliyeona biashara yake inakufa kwa mahubiri ya Paulo, na umati uliopiga kelele kwa muda wa saa mbili, "Artemi wa Waefeso ni mkuu!" Watu wakapiga makofi. Yule mama pia.

Ndiyo maana nasema soma kabla hujaondoka. Wengi wetu tuna Biblia nyumbani, tuna simu mkononi, halafu tunafika mahali kama pale tunapiga picha na kuuliza choo kiko wapi. Usikubali. Usijifiche nyuma ya kundi kwa sababu ngozi yako ni tofauti na ya wenzako. Umelipa, umesoma, simama mbele, uliza, jibu. Na usome tena, nasisitiza.

Tikiti ya nyumba za matajiri pale Efeso hulipwa kando. Ilipe. Kuta zake bado zina rangi, sakafu zina picha za vijiwe.

Pompeii sitairefusha. Volkano ya Vesuvius iliifunika mwaka 79 B.K., na karibu theluthi yake haijafukuliwa bado. Tafuta vile vibanda vya chakula vyenye mitungi iliyojengewa ndani ya kaunta, kama kwa mama ntilie wa stendi, na mifereji ambayo magurudumu ya mikokoteni yamechimba kwenye mawe ya barabara. Beba maji.

La mwisho ni viza, na hapa mawakala wengi hunyamaza. Ugiriki na Italia zimo kwenye Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Uturuki haimo. Ukitoka Athens kwenda Efeso umeshatoka Schengen, na kuifikia Pompeii ni kuingia upya. Kwa hiyo kwenye fomu omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja, na ya Uturuki uishughulikie peke yake. Mwulize wakala wako leo, kabla hujampa hata senti.