Hita ya Gesi Isiyowaka: Anza na Maji Kabla ya Kugusa Mtungi

Ninyi mnaoanza ufundi wa mabomba hapa Tabora mtaitwa zaidi kati ya Juni na Agosti, wakati asubuhi zina baridi na wenye nyumba za wageni wanapokumbuka kwamba ukutani kwao kuna hita ya maji ya gesi. Hita hizi hazina tangi, kwa kuwa maji hupata moto yakiwa yanapita ndani ya koili ya shaba. Lalamiko la mteja huwa moja, kwamba hita haiwaki, na mwanagenzi akisikia hivyo hukimbilia mtungi.

Nami nilikimbilia mtungi. Katika nyumba moja ya wageni maeneo ya Kanyenye nilibadilisha regulata, nikabadilisha mpira wa gesi, nikafungua hata kichomeo na kukisafisha, na hita ikabaki kimya. Mama mwenye nyumba alikuwa ameniambia tangu nilipoingia, "Fundi, usiku inawaka, asubuhi inagoma," lakini niliyachukulia maneno hayo kuwa ni ya mtu asiyejua mitambo. Kumbe alikuwa amenipa jibu lote. Usiku maji ya bomba la mtaani yalikuja kwa nguvu na kwenda moja kwa moja kwenye hita, ilhali asubuhi yalikatika na nyumba ikategemea simtanki ambalo kitako chake kilikuwa mita 3 kutoka ardhini, wakati hita ilitundikwa mita 1.7.

Ili kuelewa kwa nini kimo hicho kilikuwa kosa, fuateni mpangilio wa kuwaka kwenyewe. Bomba la maji ya moto linapofunguliwa, maji yanayopita husukuma kiwambo cha mpira, kiwambo husogeza kijiti, na kijiti huachia swichi ndogo. Swichi huamsha kisanduku cha umeme kinachotumia betri mbili kubwa za volti 1.5 kila moja, nacho hutoa cheche na kufungua valvu ya gesi karibu kwa wakati mmoja. Mwali ukishika, kijiti kingine cha chuma kilichosimama ndani ya moto huutambua. Usipotambuliwa kwa sekunde chache, valvu hujifunga. Gesi, basi, huingia mwishoni kabisa, na maji yasiposukuma kiwambo hakuna kitakachofuata. Kibao cha hita nyingi hutaja shinikizo la maji la chini kabisa la megapaskali 0.025, na hiyo ni sawa na maji yaliyo mita 2.5 juu ya hita. Pale Kanyenye tofauti ilikuwa mita 1.3 tu. Tuliinua stendi ya tangi, na hita ikawaka kwa regulata ileile ya zamani niliyokuwa nimeitupa pembeni.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua kifuniko, ng'oeni kichwa cha bafu na mfungue maji. Hita ikiwaka bila kichwa hicho, kasoro ni tundu zilizoziba kwa chokaa. Isipowaka, fungueni chujio dogo lililo kwenye njia ya maji baridi, ambalo hapa kwetu hujaa mchanga na tope kila mara maji yakikatika na kurudi. Hakikisheni pia kwamba mabomba ya kuingia na kutoka hayakubadilishana, kosa ambalo nimelikuta zaidi kwenye hita mpya kuliko kuukuu.

Baada ya hapo, sikilizeni. Maji yakipita kwa nguvu bila mlio wowote wa cheche, shaka iende kwenye betri na swichi. Betri zipimwe hita ikiwa inajaribu kuwaka, kwa sababu betri iliyochoka huonyesha volti nzuri ikiwa imepumzika. Cheche zikilia tik-tik-tik bila mwali, gesi haifiki: mtungi umefungwa au umekwisha, au mpira una hewa baada ya mtungi kubadilishwa, hali inayoisha kwa kujaribu mara kadhaa. Mtungi upimwe kwa mizani, kisha mtoe uzito mtupu uliochapwa juu yake. Regulata iwe ya shinikizo dogo, takriban paskali 2,800, wala si ile ya majiko makubwa ya mama lishe. Mwali ukishika na kuzima baada ya sekunde chache, futeni masizi kwenye kijiti cha kutambua moto kwa msasa laini. Kiangazi, nyigu na buibui nao huziba tundu za gesi, hasa hita ikilala miezi bila kutumika.

Uvujaji hutafutwa kwa povu la sabuni. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo hulala sakafuni, na takriban sehemu 2 kati ya 100 za hewa zinatosha kulipuka. Mwenye kiberiti asikaribie.

Hita nikiikuta ndani ya bafu lisilo na dirisha, siitengenezi hapo ilipo hata kama kasoro yake ni betri tu. Hita ya lita 6 kwa dakika huweza kuunguza karibu kilo 1 ya gesi kwa saa, na hewa ikipungua hutoa kaboni monoksidi isiyo na harufu, ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Mwambieni mwenye nyumba, kwa heshima, kwamba itahamia ukuta wa nje. Akikataa, fungeni mtungi, ondoeni mpira, mchomoe betri na kumkabidhi mkononi, kisha mtoze nauli peke yake.