Maswali ya Wasomaji: Sarafu Tatu, Matundu Matano

SWALI: Yaya Mhariri, pokea salamu kutoka Kamalondo, hapa Lubumbashi. Binamu yangu ameniazima PlayStation 2, ile mashine ya michezo ya video, pamoja na mchezo wa Silent Hill 2. Nimekwama ndani ya jengo la vyumba vya kupanga, mbele ya meza yenye matundu matano ya kuwekea sarafu. Sarafu zote tatu ninazo, lakini shairi linaloeleza mahali pa kuziweka ni la Kiingereza, nami silielewi. Rafiki yangu ananihimiza nitafute jibu kwenye intaneti nisonge mbele, kwa kuwa kazi yenyewe ni kuwakimbia mazimwi tu. Je, anasema kweli?

JIBU: Ndugu yetu wa Kamalondo, mimi sikubaliani naye, na nitakueleza kwa kirefu, kwa sababu swali lako linagusa kiini cha michezo ya kutisha ya aina hii. Silent Hill 2, uliotolewa na kampuni ya Konami ya Japani mwaka 2001, unamhusu James Sunderland, mwanamume anayepokea barua ya mkewe Mary, ambaye kwa maelezo yake alifariki kwa ugonjwa miaka mitatu kabla, ikimwambia kwamba anamngoja katika mji waliowahi kuutembelea pamoja. Mazimwi wamo, lakini hofu kubwa inatoka kwenye swali ambalo James mwenyewe anaogopa kulijibu, na mafumbo, karatasi zilizoachwa vyumbani na milango iliyofungwa vyote vinamsogeza kwenye swali hilo hatua kwa hatua. Anayepita kwa jibu la kuazima ataingia chumba kinachofuata bila kuwa amewaza lile alilotakiwa kuliwaza kwanza, na hiyo ni sawa na kumkatiza mzee katikati ya hadithi ili aseme mwisho tu.

Anza na lugha. Ikiwa diski yako ni ya toleo lililouzwa Ulaya, utakuta humo maandishi ya Kifaransa, ambayo sisi tuliosomeshwa kwa lugha hiyo tunayafuata kwa urahisi zaidi kuliko Kiingereza. Baadaye weka manete, yaani kile kifaa cha vitufe cha kuchezea, chini, chukua karatasi, chora matundu matano katika mstari mmoja, kisha usome shairi polepole ukijiuliza nani anakaa kando ya nani. Sarafu zina picha ya mzee, ya nyoka na ya mfungwa, na kwa kuwa matundu mawili yatabaki matupu, usiyadharau: nafasi tupu nayo inasema kitu katika shairi hilo. Tena, hata kama ungetaka kuiga, kumbuka kwamba mwanzoni uliombwa uchague ugumu wa mapigano na ugumu wa mafumbo, kila kimoja peke yake, na maneno ya shairi hutegemea chaguo hilo la pili. Maelezo utakayoyakuta kwingine yanaweza kuwa ya shairi ambalo hulioni mbele yako.

Itazame ramani mara kwa mara, maana James huiandika kwa wino mwekundu kila anapojaribu mlango, na milango iliyofungwa kabisa utaitambua bila kuirudia. Redio yake nayo hukoroma zimwi anapokaribia, kwa hiyo masikio yako yana kazi kubwa kuliko vidole vyako. Na kwa kuwa katika mitaa yetu umeme hukatika bila taarifa, kila uonapo kile kibandiko chekundu cha mraba, simama uhifadhi mchezo kwenye kadi, kwani huwezi kuuhifadhi popote upendapo, na yote uliyoyafanya tangu kibandiko cha mwisho yatapotea.

Liko jambo jingine ambalo rafiki yako hakukuambia, nami naliona kuwa ndilo linaloupa mchezo huu heshima yake hadi leo, hata ukatengenezwa upya mwaka 2024 na kampuni ya Bloober Team ya Poland. Una miisho kadhaa, lakini hakuna mahali utakapoulizwa unautaka upi. Mchezo unakuangalia kimyakimya: unatibu majeraha ya James mapema au unamwacha atembee na maumivu? Unaitoa picha ya mkewe na kuitazama, au umeisahau mfukoni? Kwa namna unavyomtunza mtu huyu, ndivyo mchezo unavyoamua alikuwa mtu wa namna gani. Mtu mwenye haraka hapati nafasi ya kuyafanya haya, na mwisho atakaoupata hautatokana na moyo wake.

SWALI: Bwana Mhariri, mimi ni mama wa Kampemba. Mwanangu ana miaka 13, na usiku huzima taa ili acheze mchezo uitwao Amnesia kwenye kompyuta ya kaka yake. Nasikia milio inayonitisha hata mimi, na jirani amesema michezo hiyo huita pepo. Nifanye nini?

JIBU: Mama, hakuna kinachoitwa humo. Amnesia: The Dark Descent ni kazi ya Frictional Games, kampuni ya Sweden iliyoutoa mchezo huo mwaka 2010, na milio unayoisikia ilipangwa na mafundi wa sauti. Hadithi ni ya Daniel, anayezinduka katika ngome moja ya Prussia mwaka 1839 akiwa amepoteza kumbukumbu, na anakuta barua aliyojiandikia mwenyewe. Hana silaha yoyote, ana taa ya mafuta na viberiti tu. Akikaa gizani akili yake inadhoofika, na akimtazama adui inadhoofika zaidi. Lakini akifumbua fumbo na kusonga mbele, akili hiyo inapata nafuu. Mimi nauheshimu sana mpango huo, kwa kuwa unampa mchezaji sababu ya kufikiri wakati ule ule anapotaka kukimbia.

Hata hivyo, kumtetea fundi wa mchezo si kumtetea mtoto wa miaka 13 kuucheza. Huko Marekani umepewa alama ya M, yaani wa watu kuanzia miaka 17, na sababu zipo: humo mna mateso, maiti na damu. Nakushauri, mama, umzuie kwa sasa, lakini usimzuie kwa habari ya pepo, kwa sababu atagundua kwamba si kweli na hatakusikiliza tena. Mwambie umri wake bado. Kaka yake naye asiiache kompyuta wazi, na akicheza mwenyewe, afanye hivyo mdogo wake akiwa hayupo chumbani.

SWALI: Mimi ni kijana wa Ruashi, nina miaka 20. Napenda hadithi na mafumbo ya michezo hii, ila kufukuzwa kunanifanya nizime kompyuta. Upo mchezo unaonifaa?

JIBU: Upo. Kampuni hiyo hiyo ya Sweden ilitoa SOMA mwaka 2015, hadithi ya mtu anayejikuta kwenye kituo kilicho chini ya bahari, na mwaka 2017 iliongeza namna ya kucheza ambamo madubwana wanabaki lakini hawawezi kukuua. Ichague mwanzoni kabisa, unapofungua mchezo mpya, kisha usome kila kilichoandikwa kwenye kompyuta za kituo hicho.