Maji ya kalitusi yanatoka meupe, ninunue mashini kubwa?

SWALI: Yaya, miye niko Kadutu hapa Bukavu, natengeneza maji ya kupuliza ya mafuta ya kalitusi, nauzia watu kwa chupa. Nasikia ukivunja mafuta kuwa matone madogo sana maji yanabaki safi, unaona ng'ambo. Nimepiga na mikseri ya jikoni mpaka inanuka moto, inatoka nyeupe tu kama maziwa, kisha siku chache mafuta yanapanda juu. Ninunue mashini ya nguvu?

JIBU: Hapana mama, weka feza yako kwanza. Ule weupe ni matone makubwa yanatawanya mwanga, upana wao unapaswa kushuka chini ya nanomita 100 hivi (milimita moja iko na nanomita milioni moja), na nywele moja ya kichwa iko na unene wa nanomita elfu makumi. Mikseri ya jikoni haifiki huko hata ukeshe nayo, nguvu yake mingi inaishia kuzungusha na kupasha joto tu. Viwandani wanasukuma mchanganyiko kwa katundu kembamba, kwa presha ya bari 500 mpaka 1,500 (bari moja ni karibu presha ya hewa ya kawaida), wanarudia mara kadhaa, na hata huko inafika mahali matone yanakataa kupungua.

Miye naona shida yako ni emulsifaya, ile dawa inafunika matone ya mafuta yasiungane ndani ya maji. Ukipunguza upana wa matone nusu, eneo lote la kufunika linakuwa mara mbili, sasa kama emulsifaya haitoshi matone yanaungana tena palepale. Hukuandika unatumia nini, kama ni sabuni ya kufulia acha. Tafuta polisobeti 80, ni emulsifaya moja, uichanganye na mafuta kwanza, uzito sawa kwa sawa, ndipo umwage polepole ndani ya maji huku unakoroga, usianze na maji na mafuta halafu emulsifaya nyuma. Haijang'aa? Panda mpaka emulsifaya mbili kwa mafuta moja, ila ukizidisha ngozi inanata.

Halafu kuko kitu watu wengi hawajui: kalitusi inayeyuka kidogo ndani ya maji, basi mafuta yanatoka kwa matone madogo yanaenda kunenepesha makubwa, hata kama ulipiga vizuri sana. Tia mafuta mazito kidogo ndani ya kalitusi kabla ya yote, soya ama alizeti, hayo hayayeyuki, yanazuia. Kidogo tu lakini, yakizidi mchanganyiko unakuwa mzito na matone yanagoma kuvunjika.

Jaribu kwa kikombe kimoja kwanza, ukiona kabuluu kwenye mwanga uko karibu. Na andika kwa chupa wasipulizie watoto wadogo usoni, kalitusi ni kali hata matone yawe madogo namna gani.